Kabla Kwaya Haijalipia Kinanda

Kila kinanda cha umeme kina kitufe cha wimbo wa maonyesho, na muuzaji wa Kariakoo au wa Barabara ya Luthuli kule Nairobi anaweza kukipata hata akiwa amefumba macho. Akikibonyeza, ngoma zinadunda, besi inatembea, tarumbeta zinaitikia, na wajumbe watatu waliotumwa na kwaya wanatazamana kwa furaha. Bahasha ya michango inafunguliwa papo hapo. Jumapili inayofuata mpiga kinanda anaketi, anaanza wimbo wa maandamano, na kinanda kilekile kinatoa sauti nyembamba isiyofika safu ya tano ya mabenchi.

Hapo hakuna aliyemwibia mwenzake. Wimbo wa maonyesho umetengenezwa na mafundi wa muziki ili kinanda kinunulike. Kuwashika waumini mia mbili wanaoimba chini ya paa la mabati, kila mmoja kwa mwendo wake, ni kazi nyingine kabisa. Kwaya yenye pesa ndogo ndiyo inayopaswa kuijua kazi hiyo mapema, kwa sababu haina pesa za kununua mara mbili.

Swali la kwanza, basi, si bei wala jina la kampuni. Ni nyimbo. Usharika wa Kilutheri unaoimba kutoka Mwimbieni Bwana, na pengine una kundi la matarumbeta, unahitaji kinanda chenye sauti za kushikilia muda mrefu na kinachoweza kurekebishwa kipatane na shaba. Kwaya ya Kikatoliki inayoimba sauti nne kutoka kwenye karatasi za nota, nyingine zikiwa zimepakuliwa kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, inahitaji ogani safi ambayo besi yake haivumi ovyo. Kanisa la Kipentekoste ambako sifa huanza polepole na kuishia kwenye sebene linahitaji piano yenye mguso, sauti za nyuzi za kutandika chini ya maombi, na midundo inayobadilika haraka. Kinanda kimoja cha bei nafuu hakiwezi kufanya yote hayo sawasawa, na kamati ikilikubali jambo hilo kabla ya kuingia dukani, nusu ya uchaguzi imekwisha.

Halafu kuna suala la urefu. Wengi wanaamini kwamba kinanda kifupi ni cha watoto, na kwamba kanisa linalojiheshimu linunue chenye funguo 88 kama piano. Nyimbo zenyewe hazisemi hivyo. Kinanda cha kawaida cha funguo 61 huanzia C iliyo oktava mbili chini ya C ya kati na kuishia C iliyo oktava tatu juu yake. Besi za kwaya ni nadra kushuka chini ya ile E nzito ambayo, kwenye kinanda hicho, ni ufunguo wa tano kutoka kushoto. Soprano nayo huishia F au G ya juu, na hapo bado imebaki zaidi ya oktava nzima upande wa kulia ambayo mkono hauigusi. Hata ogani kubwa za mabomba zina funguo 61 au pungufu kwa kila safu ya mikono. Besi nzito hupigwa kwa miguu.

Funguo 88 zina mahali pake. Kanisa lenye mpigaji aliyesomea piano, ambaye mkono wake umezoea funguo nzito, litafurahia piano ya dijitali kama Yamaha P-45 iliyotoka mwaka 2015. Ina sauti 10 tu, mbili zikiwa za ogani, na hizo mbili zinatosha kwa ibada. Lakini ina uzito wa kilo 11.5 bila stendi. Kwaya inayozunguka kwenye jumuiya, misibani na kwenye matamasha ya jimbo, ikibeba vyombo kwa daladala au bodaboda, itauhisi uzito huo kila wiki. Kinanda cha funguo 61 kama Yamaha PSR-E373 hakifiki kilo 5.

Mguso ni jambo jingine linalopotea dukani kwa sababu ya kelele. Kinanda chenye mguso hutoa sauti ndogo ufunguo ukibonyezwa taratibu na kubwa ukipigwa kwa nguvu. Kisicho na mguso hutoa sauti ileile wakati wote. Wanaoangalia bei peke yake huangukia hapo: PSR-E273 na PSR-E373 zinafanana kwa umbo, zote ni za mwaka 2020, ila ya kwanza haina mguso na ya pili inao. Kijana akijifunza kwa miaka mitatu kwenye funguo zisizo na mguso, atakapoketi mbele ya piano halisi atalazimika kuanza upya kufundisha vidole vyake. Tofauti ya bei kati ya vinanda hivyo viwili ni pesa inayofaa kutafutwa, hata kama ununuzi utasogezwa mbele kwa miezi miwili.

Kwa ogani hali ni tofauti. Ogani halisi haijali kidole kimebonyeza kwa nguvu kiasi gani, na sauti yake haififii mpaka kidole kiondoke. Piano hugonga nota kisha nota inakufa. Kwa uimbaji wa waumini wengi, hasa tenzi za mwendo wa polepole, ogani husaidia zaidi kwa sababu inawashika watu kati ya neno na neno na kuwaonyesha mahali pa kuvuta pumzi. Kwa hiyo anayejaribu kinanda cha kanisa aanze na sauti za ogani. Apige ubeti mzima wa wimbo wa kwao wa sauti nne, kisha asikilize kama ile sauti ya tatu, teno, inatambulika katikati au imemezwa. Vinanda vingi vya bei nafuu vina ogani moja yenye mtetemo mkali kama wa ukumbi wa dansi na nyingine tulivu ya kikanisa. Ile tulivu ndiyo itakayotumika kila Jumapili. Ikiwa mbaya, hakuna kingine kwenye kinanda hicho kitakachoifidia. Na pedali ya kushikilia sauti isikanyagwe kabisa kwenye ogani, maana nota zote zinarundikana na kuwa uji. Kazi hiyo ni ya vidole kupokezana bila kuacha pengo.

Hesabu za sauti zilizoandikwa kwenye boksi zisimtishe mtu. PSR-E373 ina sauti 622 na midundo 205. Casio CT-X700, ya mwaka 2018, ina sauti 600 na midundo 195. PSR-E473, iliyotoka mwaka 2022, ina sauti 820 na midundo 290. Mpigaji wa kanisa, kwa mwaka mzima, atatumia sauti tano au sita: ogani mbili, piano, piano ya umeme, nyuzi, labda filimbi. Namba yenye maana zaidi ni ile inayoeleza nota ngapi zinaweza kulia kwa wakati mmoja. CT-X700 na PSR-E373 hufikia 48, PSR-E473 hufikia 64. Mtu anayepiga sauti nne kwa ogani hatakaribia kikomo hicho. Anayewasha mdundo, akachanganya piano na nyuzi, kisha akakanyaga pedali, anaweza kusikia nota za zamani zikikatika ghafla, kwa sababu ngoma na besi za mdundo nazo zinakula sehemu ya hesabu hiyo.

Midundo yenyewe inahitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa ndiyo inayouza vinanda vingi kuliko sifa nyingine yoyote. Mdundo wa kinanda hausikilizi mtu. Waumini wakichelewa kumaliza mstari, unaendelea. Mzee akishika neno moja kwa hisia, unampita. Mpiga ngoma wa kigango, pamoja na mwenye kayamba na mwenye manyanga, hufanya kinyume chake: wanawatazama waimbaji midomoni na kwenda nao. Padre Stephen Mbunga, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alichapisha mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Sacrosanctum Concilium, iliyoiheshimu sana ogani ya mabomba na pia kuruhusu ala nyingine zinazofaa ibada. Milango ikafunguka kwa ngoma kuingia ndani ya misa. Kwaya iliyo na wapiga ngoma wazuri haina sababu ya kulipa zaidi ili ipate ngoma za plastiki ndani ya kinanda. Wakatoliki wana sababu nyingine ya ziada: wakati wa Kwaresima mwongozo wa misale huruhusu ogani na ala nyingine kwa ajili ya kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Nne, sherehe na sikukuu. Nje ya siku hizo, mara nyingi mdundo unanyamaza na ogani inabaki peke yake.

Kanisa ambalo midundo ni sehemu ya ibada yake lina haki ya kuitafuta, ila liitafute vizuri. Midundo iliyopakiwa kiwandani mara nyingi ni ya Ulaya, Marekani na Amerika ya Kusini. Ya rumba, sebene au ya kwaya za kwetu hupatikana kwa wapigaji wenzao, ikiwa imehifadhiwa kwenye flashi. Ndiyo sababu tundu la kuchomeka flashi lina thamani. PSR-E473 inalo, PSR-E373 hainalo, ina lile la kuunganisha na kompyuta tu. Mnunuzi ahakikishe pia kwamba kinanda kinakubali kuongezewa midundo mipya, si kucheza nyimbo zilizorekodiwa pekee. Wauzaji wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Kitufe cha kupandisha na kushusha ufunguo kinapatikana karibu kwenye vinanda vyote vya siku hizi. Karatasi imeandikwa Do ni A mol, waimbaji wamechoka na teno hawafiki. Mpigaji anashusha hatua mbili, vidole vinabaki palepale, kwaya inaimba. Ni msaada mkubwa, na una hatari mbili. Ya kwanza ni kusahau kukirudisha: wimbo unaofuata unaanza mahali pasipofaa, na padre au mchungaji anabaki akitafuta sauti. Ya pili ni ndefu zaidi, maana mpigaji anayetegemea kitufe hicho tangu mwanzo hujua kupiga Do ni C peke yake hata baada ya miaka kumi. Walimu wa kwaya wawaruhusu wanafunzi wakitumie Jumapili na kuwakataza mazoezini. Wenye matarumbeta watafute pia mahali pa kurekebisha sauti kidogokidogo, chini ya nusu hatua, kwa sababu shaba ikipata joto hupanda na kinanda hakipandi.

Sasa matundu ya nyuma. Hapa ndipo vinanda vingi vya kanisa vinapoharibikiwa kazi bila kuwa na kosa lolote.

Spika zilizo ndani ya kinanda cha bei nafuu ni za chumbani. Za PSR-E373 zina wati 2.5 kila upande. Za PSR-E473 zina wati 6. Kwa jumuiya ya watu ishirini sebuleni zinatosha. Ndani ya kanisa lazima sauti ipite kwenye mixa na spika za nje, na hapo kuna mtego ambao mafundi wengi wa spika hawaujui. Vinanda vidogo vina tundu moja tu, lile la vipokea sauti vya masikioni, linalotoa sauti ya kushoto na ya kulia kwa pamoja. Fundi anachukua waya wenye plagi ya pete mbili nyeusi kila upande, anachomeka kinanda upande mmoja na mixa upande wa pili, na kanisa linasikia piano iliyo mbali, isiyo na tumbo, kama inapigwa ndani ya pipa. Sababu ni kwamba mixa inausoma waya huo kama waya wa maikrofoni: inachukua upande mmoja na kuutoa kwenye mwingine ili kufuta kelele. Kwa kuwa sehemu kubwa ya sauti ya kinanda ni ileile kushoto na kulia, nayo inafutwa. Dawa ni waya wa pacha, wenye plagi moja ya pete mbili kwenye kinanda na plagi mbili za pete moja zinazoingia kwenye njia mbili za mixa. Ni kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na kinanda, na kwaya nyingi zimelaumu kinanda kizima kwa kukosa waya huo.

Kuchomeka plagi kwenye tundu hilo huzima pia spika za ndani. Mpigaji anaanza kusikia kinanda chake kutoka kwenye spika zilizo mbele, zikiwaelekea waumini, na sauti inamfikia imechelewa na imechanganyika na mwangwi. Kwaya iliyo pembeni inashuka sauti bila kujua. Spika ndogo moja ya kumgeukia mpigaji na waimbaji inamaliza tatizo hilo. PSR-E473 ina matundu mawili maalumu ya kupeleka sauti nje, kushoto na kulia, mbali na lile la masikioni, pamoja na tundu la maikrofoni. Kwa kanisa linaloweza kuongeza pesa kidogo, hiyo ni sababu ya kweli ya kukichagua kuliko zile sauti 820.

Zile spika za honi zinazofungwa juu ya mti au mnara wa kanisa zinafaa kwa tangazo na mahubiri. Besi haipiti humo. Ogani ikipitia kwenye honi inabaki na nusu yake ya juu, inayochoma masikio. Na waya mrefu kutoka kwenye kinanda hadi kwenye mixa, ukizidi mita 6 hivi, huanza kuokota mvumo wa umeme. Ama mixa isogezwe karibu, ama kinunuliwe kile kijisanduku cha kati kinachoitwa DI.

Umeme unastahili mjadala wake kwenye kikao cha kamati. Adapta ndogo ya Yamaha inayotumika kwa PSR-E373, PA-130, hutoa volti 12 na ampea 0.7, yaani wati 8.4 kwa kiwango cha juu. Balbu moja ya zamani inakula kuliko hapo. CT-X700 hutumia adapta ya volti 9.5. Kwa hiyo adapta za kampuni mbili, ingawa plagi zake zinaweza kufanana machoni, zisibadilishane kabla ya kusoma volti, ampea na ule mchoro mdogo unaoonyesha chanya na hasi. Ampea zikizidi zile zinazohitajika hakuna ubaya. Volti zikizidi, kinanda kinaungua. Kigango chenye umeme wa jua kijihadhari zaidi. Betri inayoitwa ya volti 12 hupita volti 14 inapochajiwa, hivyo kuunga kinanda moja kwa moja kwenye betri ni kukitia hatarini. Kiwekwe kifaa cha kushikilia volti 12 katikati.

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, wa Kenya 240. Wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120. Kinanda cha mtumba kutoka Japani chenye adapta ya nje kinaweza kununuliwa adapta nyingine. Kile ambacho waya wa umeme unaingia moja kwa moja ndani ya mwili wake kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na mtu wa kuhakikisha kwamba hakuna mhudumu mpya atakayekichomeka ukutani asubuhi ya Pasaka. Kibandiko cha nyuma kinaeleza yote hayo. Kisomwe kabla ya kujadili bei.

Umeme unapokatika katikati ya ibada, betri ndogo sita za AA huendesha kinanda kama PSR-E373 mpaka wimbo wa mwisho. Kwaya iwe nazo kwenye droo. Hatari kubwa huja umeme unaporudi kwa kishindo. Kile kifaa ambacho watu hukiita friji gadi, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, hulinda kinanda kama kinavyolinda friji. Kuna jambo jingine dogo ambalo limewaaibisha wapigaji wengi: vinanda hivi hujizima vyenyewe visipoguswa kwa muda, na kwenye PSR-E373 muda uliowekwa kiwandani ni dakika 30. Mahubiri yakizidi hapo, mpigaji anabonyeza funguo kuanzisha wimbo wa sadaka na hakisikiki kitu. Ufunguo wa kwanza kabisa upande wa kushoto ukishikiliwa wakati wa kuwasha, tabia hiyo inaondoka.

Wenye pesa chache zaidi watageukia mtumba, na mtumba si aibu. Kinanda kilichotumika cha daraja la juu kinaweza kuwa na ogani bora kuliko kipya cha daraja la chini. Kinachohitajika ni subira ya kukikagua. Mpigaji abonyeze funguo zote 61 moja baada ya nyingine, nyeupe na nyeusi, kwanza taratibu kisha kwa nguvu. Ufunguo unaopiga kelele peke yake kwa sauti ya juu kabisa hata ukiguswa kidogo, au unaonyamaza, una raba iliyochoka au uchafu chini yake. Raba hizo ndizo zinazogusanisha funguo na saketi. Kwa uchafu, fundi anaweza kuzisafisha. Zikiwa zimekufa, mpya za aina hiyohiyo lazima zipatikane, na kwa kinanda cha miaka ishirini iliyopita huenda zisipatikane popote. Kitufe cha sauti kizungushwe: kikikwaruza, kimeingia vumbi. Plagi ya adapta itikiswe polepole kinanda kikiwa kimewashwa. Kikizimika, tundu limelegea. Skrini isiwe na mistari inayokosekana. Kisha kiachwe kinawaka na kupigwa kwa nusu saa nzima, kwa sababu kuna hitilafu zinazosubiri joto. Muuzaji anayesema hana nusu saa amekwisha kujibu.

Vinanda vya zamani vinavyotumia disketi kwa kuhifadhia midundo viachwe, hata vikisifiwa vipi, labda kama ogani yake peke yake inatosha. Vivyo hivyo zile ogani kubwa za nyumbani zenye safu mbili za funguo, ambazo usharika rafiki wa ng'ambo hujitolea kuzituma kwa kontena. Sauti yake ni tamu na upendo ulioko nyuma yake ni wa kweli, lakini zipokelewe pale tu palipo na fundi anayeweza kuzifungua. Yamaha yenyewe ilianza kwa ufundi wa namna hiyo: mwaka 1887, mjini Hamamatsu, Torakusu Yamaha aliitwa kutengeneza ogani ya shule iliyoharibika, akaielewa kiasi cha kuanza kuunda za kwake. Kijana wa parokia mwenye mkono mwepesi na bisibisi, akipewa kinanda kibovu ajifunzie, ni akiba nzuri kwa kanisa.

Bajeti yenyewe igawanywe kabla ya safari ya dukani. Kwa kila shilingi 100,000 zilizochangwa, 65,000 hivi ziende kwenye kinanda na zilizobaki zihifadhiwe kwa stendi imara yenye umbo la X, pedali, waya wa pacha, friji gadi, mfuko wa kubebea na usafiri. Pedali ya kampuni moja wakati mwingine hufanya kinyume kwenye kinanda cha nyingine, sauti ikashikika unapoachia na kukatika unapokanyaga. Ijaribiwe palepale na kinanda chake. Kanisa lisilo na spika inayofaa lishushe daraja la kinanda na kununua spika moja ya kujitegemea yenye amplifaya ndani. PSR-E373 au CT-X700 kwenye spika nzuri itawaongoza waumini vizuri kuliko kinanda cha bei mara tatu kinachopitia kwenye honi.

Likiwa na kompyuta ya mkononi iliyokaa bure, kanisa linaweza pia kuunganisha kinanda chake nayo kwa waya wa USB na kutumia GrandOrgue, programu ya bure inayotoa sauti zilizorekodiwa kwenye ogani halisi za mabomba. Matokeo yanapendeza sana. Ila mpigaji awe mtu aliyezoea kompyuta, na sauti za kinanda chenyewe ziwe tayari iwapo mashine itagoma.

Nyumbani kwake, kinanda kinaogopa vumbi, chumvi na wadudu. Mombasa, Tanga na Zanzibar hewa ya bahari hula vyuma vya ndani kimyakimya. Dodoma na Turkana ni vumbi. Kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri kinatosha kukifunika, kikiwekwa mara tu ibada inapokwisha, na kisilazwe sakafuni ambako panya na mende hupita. Juu yake pasiwekwe mshumaa, chombo cha maua wala kikombe cha maji ya mwimbaji.

Kuna makanisa ambayo kinanda hufungiwa ofisini kuanzia Jumapili mchana mpaka Jumamosi jioni, ufunguo ukiwa kwa katibu. Nia ni kukilinda. Matokeo ni kwamba mpigaji hana pa kujifunzia, hachezi nyimbo mpya, na akihamia mji mwingine kikazi kinanda kinabaki kimya kama kabati. Vijana wawili, wa kike na wa kiume, wapangiwe saa zao za mazoezi katikati ya wiki, wakitumia vipokea sauti vya masikioni ili wasimsumbue mtu. Hilo halina gharama yoyote, na linaamua mustakabali wa muziki wa kanisa kuliko herufi zozote zilizoandikwa juu ya kinanda.

Mpiga kinanda mwenyewe awe mmoja wa wajumbe watakaokwenda dukani, hata kama ni kijana wa miaka kumi na saba na wengine ni wazee wa baraza. Abebe kitabu cha nyimbo cha kanisa lake. Amwombe muuzaji azime wimbo wa maonyesho, achague ogani tulivu, apige wimbo mmoja wa sauti nne kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, na wajumbe wenzake waimbe palepale kaunta. Wakimaliza bila kupotea, bahasha ifunguliwe.